Mabango ya madukani kijijini: fleksi, bati, mbao au alukobondi?

Kwa aliye na haraka, hukumu yetu ni hii. Bango la barabarani linalotaja jina la kijiji lifanywe kwa alukobondi (ngozi mbili za aluminiamu zenye plastiki katikati) ya ngozi nene, na herufi ziwe stika za kukatwa, zisiwe za kuchapwa. Vibao vya maduka viwe vya mbao ngumu iliyochongwa. Asiyeimudu mbao achukue bati lililoandikwa kwa mkono na fundi anayeijua rangi. Fleksi, kitambaa cha plastiki kinachochapwa kwa mashine, ibaki kwenye harusi, mikutano na matangazo ya wiki mbili.

Aina zote nne zinapatikana kwa mafundi na maduka ya chapa Mjini Unguja, na kwa Pemba, Chake Chake. Tumezipima kwa swali moja: je, anayepita kwa daladala, pikipiki au gari ya kukodi atajua amefika wapi, na atapata sababu ya kuteremka na kununua? Uzuri wa bango likiwa bado kwa fundi hatukuupa alama, kwa sababu likiwa jipya kila bango ni zuri.

Jina la mahali lianze

Pita madukani kwenye vijiji vingi vya Unguja na Pemba, uhesabu majina unayoyasoma ukiwa barabarani. Kampuni ya simu utaikuta kwenye ukuta huu na ule, soda kwenye mwengine, saruji kwenye ghala. Jina la kijiji limejificha kwenye kibao cha skuli au cha kituo cha afya, kwa herufi ndogo. Mgeni aliyenunua madafu hapo hawezi kumwelekeza mwenzake alipoyanunua, na mtu wa kijiji cha pili haoni kwa nini asimame hapa wakati ukuta kama huu upo na kwao.

Chanzo kinajulikana. Kampuni huja na rangi na fundi wake, mwenye duka hatoi hata shilingi, na ukuta unang'ara. Hatusemi ofa hiyo ikataliwe, maana duka dogo halina fedha za kuchezea. Tunasema ipangiwe mahali pake: kuta za ubavuni wapewe kampuni, lakini uso wa duka, kuanzia juu ya mlango mpaka ukingo wa paa, ubaki wa mwenye duka. Ukanda wa sentimita 40 hadi 60 unatosha. Maduka kumi yakikubaliana ukanda huo uwe na rangi moja ya chini, uanzie urefu mmoja kutoka ardhini, na uandikwe kwa aina moja ya herufi, madukani pameshapata sura yake kabla bango lolote halijaagizwa. Hakuna kazi yenye gharama ndogo na faida kubwa kama hii, na ndiyo inayorukwa kila mara kwa sababu inataka kikao kabla ya kutaka rangi.

Kwenye kikao hicho hicho ichaguliwe rangi, na hapa pana jambo la kwetu ambalo fundi wa chapa hatolitaja: epukeni rangi mbili ambazo zikikaa pamoja watu watazisoma kuwa za chama. Kijiji kitagawanyika juu ya bango kabla halijakauka. Nyeupe ya chokaa kwa chini na herufi za buluu iliyokoza, nyeusi au kahawia ya mbao zinasomeka vizuri na hazina ugomvi. Kinachosaidia jicho ni tofauti ya giza na mwanga baina ya herufi na chini yake, wala si ukali wa rangi. Nyekundu juu ya buluu, au nyeusi juu ya kijani iliyokoza, huonekana nzuri mezani lakini hupotea kwa umbali wa hatua thelathini.

Halafu alama. Kila kijiji kina chake: mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu 1989, samaki wa ghuba ya Chwaka, diko la wavuvi la Mkokotoni na vyombo vya Tumbatu, karafuu na msitu wa Ngezi kwa watu wa Konde. Chagueni kitu kimoja, tena kinachopatikana mwaka mzima. Makunduchi inajulikana kwa Mwaka Kogwa, na ni haki yake kujivunia, lakini sherehe ile ni ya Julai, na bango litakaa pale miezi yote kumi na miwili. Anayepita Februari apate kuona kitu anachoweza kukinunua siku ile ile. Mchoro uwe wa mstari mnene wa rangi moja, unaotambulika hata ukipunguzwa mpaka upana wa kiganja, ili uweze kurudiwa kwenye vibao vya maduka, mifuko na risiti.

Ukubwa wa herufi ni hesabu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kipimo kinachotumika katika kazi za alama za barabara ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 9 za umbali wa kusoma. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakata mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde 5 za kusoma, kuamua na kupunguza mwendo, yaani mita 70. Gawanya 70 kwa 9, zidisha kwa 2.5, utapata herufi ya karibu sentimita 20. Mabango mengi ya vijijini yana herufi za sentimita 8, na mwenyewe anashangaa kwa nini wateja wanampita halafu wanageuza gari mbele, au hawageuzi kabisa.

Kuna njia ya kupunguza gharama: tafuteni tuta. Pale gari inaposhuka mpaka kilomita 20 kwa saa, sekunde 5 ni mita 28 tu, na herufi ya sentimita 8 inatosha. Bango la jina la kijiji liwekwe kabla ya madukani kwa herufi kubwa, na bango la maelezo liwekwe karibu na tuta, upande wa kushoto wa msafiri anayeingia. Likiwekwa kulia litafichwa na kila lori linalokuja.

Sasa upana. Herufi pamoja na nafasi yake huchukua wastani wa asilimia 70 ya urefu wake. Jina la Makunduchi lina herufi 10: kwa herufi za sentimita 20 ni sentimita 140, ongeza pambizo ya 20 kila upande, bango linafika mita 1.8. Konde ina herufi 5, inatosha mita 1.1. Fundi akikuletea bango la mita moja kwa Makunduchi amezibana herufi, na herufi zilizobanana hazisomeki hata zikiwa kubwa. Pambizo nyeupe isionewe choyo.

Maneno kwenye bango la barabarani yasizidi matano. Jina la kijiji, bidhaa moja, umbali na upande: "Makunduchi. Soko mita 300 kushoto." Yale ya "Karibuni katika kijiji kizuri chenye historia na ukarimu" yasomwe kwenye ubao wa ramani na mtu aliyekwisha teremka. Namba ya simu haina kazi barabarani. Namba ya daladala ina kazi: Nungwi na 116, Jambiani na 309 vimezoeleka pamoja, na mgeni anayerudi mjini anaitafuta namba hiyo kabla ya jambo jengine lolote. Iandikwe kwenye kibao cha kituo cha gari, kwa herufi kubwa kuliko zote zilizopo pale.

Kiswahili kiwe juu na kikubwa, lugha ya kigeni chini yake kwa robo tatu ya ukubwa. Duka lililoandikwa Kiingereza na Kitaliano peke yake linamwambia jirani kwamba hakukusudiwa yeye, na huyo ndiye mteja wa mvua na jua.

Fleksi: alama 3 kati ya 10

Fleksi ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki ya PVC na kuchapwa kwa mashine. Ni rahisi, inapatikana siku hiyo hiyo, na inabeba picha. Sifa zake zinaishia hapo.

Jua letu linaila kwa utaratibu unaojulikana. Wino wa manjano na ule wa waridi hufa mwanzo, buluu hubaki. Ndiyo maana bango la zamani la saluni lina nyuso za buluu na chungwa lililogeuka kijivu. Baadaye plastiki inapoteza ulaini wake, inakauka, na kupasuka kwenye mikunjo na kwenye matundu ya kufungia. Kusi likianza kuvuma, linamalizia.

Watu wengi hawaujui uzito wa upepo. Upepo wa kilomita 70 kwa saa husukuma bango la mita 4 kwa 2 kwa nguvu ya kama kilo 230. Bango la sentimita 61 kwa mita 1.8, chini ya upepo ule ule, linasukumwa kwa kilo 32. Fleksi kubwa iliyofungwa kwenye nguzo mbili za mvinje basi ni tanga, na kutoboa vijishimo katikati hakupunguzi kitu cha maana.

Ukilazimika kuitumia, taka ya gramu 440 kwa mita ya mraba. Ile nyembamba ya gramu 260 ni ya ndani ya ukumbi. Matundu yawe kila sentimita 50, pindo likunjwe na kuunganishwa kwa moto, na ifungwe kwa kamba za mpira ili ipumue. Waya usitumike, unakata tundu kama kisu. Iteremshwe shughuli ikiisha, maana fleksi iliyochanika inayoning'inia madukani inaharibu sura kuliko kutokuwa na bango.

Bati na rangi ya mkono: alama 7

Kazi ya mkono ina heshima yake, na fundi mzuri wa maandishi anaandika herufi ambazo hakuna kompyuta inayozitoa. Inarekebishika kijijini, haihitaji umeme, na mwenye duka akibadilisha bidhaa anabadilisha mstari mmoja tu. Tungeipa 8 lau si maandalizi mabovu yaliyoenea.

Kosa ni moja: rangi ya mafuta kupakwa moja kwa moja juu ya bati jipya la zinki. Zinki inapambana na mafuta yaliyo ndani ya rangi, inatengeneza tabaka la utelezi kama sabuni katikati, na baada ya masika moja rangi inabanduka vipande vipana vyenye maandishi yake mazima. Watu husema rangi ilikuwa mbovu. Rangi haina kosa.

Utaratibu sahihi ni huu. Osha bati kwa sabuni na maji matamu, kwa sababu kijiji chochote cha pwani kina vumbi la chumvi juu ya kila kitu. Likwaruze kwa msasa namba 240 mpaka mng'aro ufe. Lifute kwa spiriti na usiliguse tena kwa kiganja. Paka praima ya zinki na aluminiamu, ile inayouma chuma, iliyoandikwa hivyo koponi. Ikikauka, pakaza mikono miwili ya rangi ya chini, ukiacha saa 24 baina yake, ndipo herufi. Acha kazi saa kumi alasiri, kwa sababu umande wa jioni ukiikuta rangi mbichi unaitia ukungu na haing'ari tena.

Kingo zilizokatwa ndizo mlango wa kutu. Zipakwe mara mbili zaidi, nyuma na mbele. Bati la geji 28 linacheza na upepo na kuivunja rangi, kwa hiyo chukua geji 24 au likunjwe ukingo wa sentimita 3 pande zote. Namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene. Wauzaji wasiokuwa waaminifu huwachanganya wanunuzi hapo.

Mbao iliyochongwa: alama 8 kwa duka, 5 kwa barabara

Zanzibar haihitaji kufundishwa bango la mbao. Kizingiti cha juu cha mlango wa kale kilichochongwa mwaka na aya ndicho kibao cha nyumba, na mafundi wa nakshi bado wapo. Kijiji kinachoweka vibao vya mbao madukani kinaendeleza kitu chake chenyewe, na mgeni anakiona na kukipiga picha. Kwa sura ya mahali, hakuna kinachoikaribia.

Lakini mbao ina masharti. Iwe ngumu na iliyokauka: mvule, msaji, mninga, au mfenesi ulio karibu zaidi na mfuko. Unene usipungue sentimita 4. Mbao ya mnazi nje bila paa haifai, moyo wake ni laini na unaoza. Plaiwudi ya kawaida inafumuka tabaka kwa tabaka baada ya masika. Mbao mbichi itapasuka, na itapasuka katikati ya jina.

Kibao kipana kisiunganishwe kwa gundi. Pangeni mbao mbili au tatu zikiachana milimita 4, na nyuma zishikwe na mataruma mawili, yaani mbao za kukingama, yenye matundu marefu badala ya mviringo, ili mbao ivimbe wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi bila kujichana.

Uchongaji una siri ndogo inayoamua kila kitu. Herufi za kuchonga, kahawia juu ya kahawia, zinapendeza ukiwa karibu, na ukirudi hatua sita ndani ya kivuli cha upenu hazipo. Chonga kwa umbo la V kwa kina cha milimita 8 hadi 10, halafu ujaze mfereji kwa rangi nyeupe au ya maziwa, mikono miwili, na upige msasa juu ili ukingo wa herufi ubaki mkali. Hapo kivuli cha mfereji na weupe wa rangi vinafanya kazi pamoja, na kibao cha sentimita 60 kwa 40 chenye herufi za sentimita 7 kinasomeka mita 25.

Mwisho wa mbao, pale nyuzi zinapokatika, panakunywa maji kuliko uso wote. Pajazwe praima mara tatu. Varnishi inayong'aa tusingeitumia: jua linapenya ndani yake na kuila mbao chini yake, halafu inabanduka maganda na kazi yote ya kukwangua inaanza upya. Mafuta ya mbao yanayopakwa kwa kitambaa kila mwaka hayabanduki. Sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupaka majahazi, inahifadhi mbao kweli, ila harufu yake itawafukuza wateja wa mkate.

Kibao kikitundikwa ubavuni mwa duka, kikiwakabili watembea kwa miguu, ukingo wake wa chini uwe mita 2.3 kutoka barazani. Watu wanasimama juu ya baraza, na kipimo cha kutoka chini ya barabara kinamgonga mtu kichwa. Barabarani tumeipa 5 kwa sababu bango kubwa la mbao ni zito, linataka nguzo nene, na mchwa hausubiri. Mbao isichimbiwe ardhini kwa hali yoyote.

Alukobondi: alama 8 kwa barabara

Hii ni karatasi ya milimita 4 yenye ngozi mbili nyembamba za aluminiamu na plastiki katikati. Ni nyepesi, haipati kutu nyekundu, na inakatwa kwa msumeno wa kawaida. Tatizo lake ni kwamba kuna alukobondi na alukobondi. Ile ya kupambia ndani ina ngozi ya milimita 0.1 hivi na inabonyea kwa kidole. Ya nje iwe milimita 0.3 au zaidi. Muulize muuzaji, na uone ukingo uliokatwa kabla ya kulipa.

Karatasi nzima ni mita 1.22 kwa 2.44. Sanifu kwa kipimo hicho usitupe kitu. Ukikata katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya karibu sentimita 61 kwa mita 2.44, yaani bango la kuingilia kijiji kutoka upande huu na bango la kutokea upande wa pili. Karatasi moja pia inatoa vibao 12 vya sentimita 60 kwa 40 na nafasi ya msumeno inabaki.

Ukingo ulioachwa wazi unanyonya maji na ngozi inaanza kuachana pembeni. Taka ukingo ukunjwe sentimita 3 kurudi nyuma, fundi akate mfereji wa V upande wa nyuma kwanza. Bango linapata ugumu wa sinia na plastiki inafichwa. Upungufu ni kwamba unapoteza sentimita 6 za urefu na upana, kwa hiyo zihesabiwe kabla ya kupanga maandishi.

Kwa herufi, msichape. Stika iliyotiwa rangi tangu kiwandani na kukatwa kwa mashine inastahimili jua kuliko wino wa printa. Stika ya bei ya chini husinyaa, na utaona mstari wa gundi nyeusi kuizunguka kila herufi. Ubandikaji ufanywe asubuhi, ndani, mbali na mchanga unaopeperuka. Punje moja chini ya stika inakuwa kipele cha kudumu. Jina la kijiji likitengenezwa kwa stika inayoakisi taa za gari, usiku halihitaji umeme wala sola, na hakuna cha kuibiwa.

Masanduku ya plastiki yenye taa ndani hatukuyapa alama. Chumvi inaingia, taa mbili zinakufa, jina linasomeka nusu.

Nguzo, skurubu na saruji

Mabango mengi mazuri huuliwa na skurubu. Skurubu ya chuma cha kawaida kwenye aluminiamu, ndani ya hewa ya chumvi, inafanya kutu haraka mno na kuteremsha mchirizi wa kahawia juu ya jina. Kwa kijiji cha pwani tumieni chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kina molibdenamu ya kupambana na chumvi. Daraja la 304 linafaa vijiji vya ndani, kama vile Dunga au Kizimbani. Kati ya chuma na aluminiamu tieni washa ya nailoni, metali hizo zikigusana penye maji ya chumvi moja inaila nyengine. Skurubu ya milimita 5 ipite kwenye tundu la milimita 6 au 7: karatasi ya mita 2.4 hutanuka kama milimita 2 baina ya asubuhi na jua la mchana, na tundu likibana bango linavimba tumbo.

Nguzo ziwe mbili, bomba za zinki za inchi 2 kwa mabango tuliyoyataja, zikifunikwa juu ili mvua isijae ndani. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 80. Zege ya moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga na kokoto, inakula kama mfuko mmoja wa kilo 50 kwa kila shimo. Mchanga wa ufukweni usitumike, chumvi yake inaila nguzo kutokea ndani. Zege iinuliwe sentimita 5 juu ya ardhi na kuinamishwa kama paa, maana maji yakisimama shingoni mwa nguzo ndipo inapokatikia. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja mtakuta jiwe baada ya mtaimbo wa kwanza. Hapo kina cha sentimita 50 kinatosha iwapo jiwe ni zima, na fundi alipwe kwa shimo, si kwa siku. Penye mchanga mtupu nendeni mita moja.

Simameni pale dereva atakapokuwa kabla ya kuchimba, mkitazama na miti. Mwarobaini uliopogolewa leo utalifunika bango kabla ya mwaka.

Ubao wa ramani na saa za soko

Kituo cha gari kinastahili ubao mmoja wa sentimita 120 kwa 90, kati yake uwe usawa wa macho, mita 1.5. Kosa linalorudiwa ni kuichora ramani kaskazini ikiwa juu. Msomaji anataka kilicho mbele yake kiwe juu, kulia kwake kiwe kulia. Kwa hiyo ramani huchorwa baada ya kujua ubao utakabili wapi, na ubao uleule ukihamishiwa ng'ambo ya barabara unadanganya.

Saa ziandikwe kwenye kibao kidogo cha chaki kinachoning'inia chini yake: mnada wa samaki saa ngapi, duka gani linafungwa kwa sala ya Ijumaa na linafunguliwa lini, na mabadiliko ya Ramadhani. Kibao hiki cha bei ya chini ndicho kinachouza. Kisipobadilishwa wiki nzima watu wanaacha kukisoma, kwa hiyo apewe mtu mmoja mwenye duka lililo karibu.

Kuagiza na kutunza

Anzeni kwa sheha, halafu halmashauri au baraza la mji. Kando ya barabara kuu, wenye mamlaka ya barabara waonyeshe mpaka wa hifadhi kabla shimo halijachimbwa. Mji Mkongwe, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi, na mambo ya huko yaulizwe huko.

Bei ya jumla msiikubali. Fundi aandike mbali mbali: karatasi na unene wa ngozi yake, aina ya stika, mkunjo wa ukingo, nguzo, skurubu na daraja lake, saruji, usafiri, kusimamisha. Bei inaposhuka ghafla, ujue imeshukia kwenye skurubu. Agizeni maduka yote kwa pamoja, mashine inatayarishwa mara moja.

Kabla ya kukata chochote, fundi achape au achore jina kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi. Itundikwe mahali penyewe, mrudi mita 70, na asome mzee asiyevaa miwani. Hapo hapo tahajia ikaguliwe na mwalimu wa Kiswahili wa skuli. Stika inabanduliwa, lakini herufi iliyochongwa vibaya inakwenda na ubao wake.

Kwa Pemba, mzigo ukipitia botini, karatasi zisafirishwe uso kwa uso zikiwa na gazeti katikati, zimefungwa juu ya ubao mgumu, na pembe zimekingwa. Pembe iliyopinda bandarini hainyooki. Kupinda ukingo kufanyike Unguja, kutoboa matundu kufanyike penye nguzo, kwa sababu nguzo hazisimami pale zilipochorwa.

Kusi likishatulia na kabla ya vuli, mabango yote yaoshwe kwa maji matamu na kitambaa, skurubu zikazwe, mbao zipakwe mafuta. Kopo moja la kila rangi iliyotumika, namba yake imeandikwa juu ya kifuniko, na mfuko wa skurubu 20 za akiba vikae dukani kwa mtu anayejulikana, na jina lake liandikwe kwenye daftari la sheha.